Tairi Lililolala kwenye Bani

Watu wa Cheyo, hapa Tabora, wanasema mimi nina majivuno. Wanasema nikianza habari za mwanangu hata chai inapoa. Sawa, na ipoe, tutapasha nyingine. Mtu aone nilichokiona mimi asubuhi ile shambani kwetu, halafu anyamaze? Huyo atakuwa mgonjwa.

Mimi ni muuza matairi. Tuna duka pale Cheyo, mimi na mume wangu. Mbele tunauza matairi na tyubu za pikipiki na baiskeli, nyuma tunaziba pancha. Ila moyo wa mume wangu haupo dukani. Uko shambani, nje kidogo ya mji, kwenye tumbaku aliyorithishwa na baba yake. Kwa hiyo duka ni langu na mdomo wa dukani ni wangu. Mteja akiniletea tairi kipara akasema, "Mama, ziba tu, bado zima," namwambia ukweli wake hapo hapo. Akitaka kununa, anune.

Mtoto wangu wa kwanza ni binti, na kazi yake ni bodaboda. Alipomaliza shule nilimweka dukani. Alikaa, akauza, mpaka siku moja akaniambia, "Mama, nimechoka kuuza matairi ya watu wengine kukanyagia." Baba yake akamnunulia pikipiki, akiamini kabisa kwamba itamchosha kabla ya mvua kurudi. Thubutu! Akaingia kijiweni karibu na stendi, msichana peke yake katikati ya wanaume, wakamtania wee mpaka wakachoka wenyewe. Wateja wake walikuwa akina mama wa sokoni, kwa sababu hakuwa anaendesha kama mtu anayefukuzwa. Kumbe mbio alikuwa nazo, kaziweka tu.

Chama cha waendesha pikipiki cha hapa kwetu kila mwaka kinapeleka mtu mmoja kwenye mashindano ya kanda ya magharibi. Mmoja tu. Anavaa jezi ya chama, anahudumiwa kila kitu, na akirudi, hata kama ameburuza mkia, mji mzima unampigia honi. Mwanangu alijaribu akakosa. Akajaribu tena, akakosa kwa kitu kidogo sana. Mwaka huu, kabla majaribio hayajaanza, baba yake alimwambia tukiwa mezani, taratibu, maana yule si mtu wa kupayuka: "Mwanangu, huu ndio wa mwisho. Ukichaguliwa, endelea. Usipochaguliwa, pikipiki naiuza, unarudi dukani kwa mama yako. Mimi nimechoka. Kila nikisikia king'ora cha gari la wagonjwa najua ni wewe."

"Sawa, baba," akasema. Ugali wake hakuumaliza.

Sikumpinga mume wangu mbele ya mtoto. Nilipobaki naye nilimpa vidonge vyake, lakini alikuwa kashaamua, na mume wangu akiamua jambo ni bora ukaongee na ukuta.

Majaribio yenyewe yanafanyika mvua zikishakatika, wiki chache kabla msimu wa mashindano haujafunguliwa, na yanafanyika shambani kwetu. Mume wangu aliwaruhusu zamani, kabla hata hajajua kwamba atakuja kuzaa dereva. Njia inaanzia kwenye uwazi mbele ya mabani, yale majengo ya matofali tunayokaushia tumbaku kwa moto. Inashuka kwenye kichanga cha korongo, inapanda, inazunguka kichuguu kikubwa, halafu inaingia barabara ya zamani ya misafara. Ndiyo ile ile ya wapagazi. Babu zetu waliikanyaga na pembe za ndovu begani kwenda pwani, wakarudi na vitambaa na shanga. Moramu yake, ule udongo wa changarawe, imeshindiliwa kwa nyayo mpaka imekuwa ngumu kuliko sakafu ya duka langu, na hapo ndipo pikipiki zinapofunguliwa mpaka mwisho. Kisha inakata kulia, unarudi kwenye mabani. Hiyo ni raundi moja.

Asiyejua akifika atadhani ni fujo. Mtu anaenda raundi tatu, anasimama, wanamfungulia tairi, wanafunga jingine, anaenda tena. Mara wanapunguza upepo, mara wanaongeza. Wanaugusa mpira kwa kiganja kuona umeshika joto kiasi gani. Mimi nilikuwa mshika saa wa mwanangu, kwa saa ya simu yangu, na mwenyekiti wa chama alikuwa anashika saa ya watu wote, maana alisema mama wa mtu hawezi kuaminiwa na sekunde. Nilimwambia kweli, hata mimi nisingejiamini.

Sasa, habari yenyewe ni matairi. Tairi la mashindano ni mpira, lakini mpira si wa aina moja. Kuna laini na kuna mgumu. Ule laini ukiubonyeza kwa ukucha unabaki na alama, na kwenye kona unaing'ang'ania ardhi kama mtoto anayekataa kuachishwa ziwa. Pikipiki inaingia kona na inatoka bila kuomba ruhusa. Ubaya wake, unaliwa upesi. Ule mgumu hauliwi hovyo, lakini asubuhi kukiwa na baridi unateleza, na mpaka upate joto mwenzako kashakuachia vumbi. Kazi yote ya majaribio ni kujua ufunge upi.

Siku za mwanzo hapakuwa na mjadala. Mwanangu akifunga tairi laini, saa yangu inacheka. Akifunga gumu, saa inanuna. Mpinzani wake alikuwa kijana wa kijiwe cha Chemchem, ndiye aliyevaa jezi mwaka uliotangulia. Simsingizii, anajua kuendesha, na heshima anayo. Yeye naye alikuwa anaenda na laini, na raundi zake zilikuwa za moto. Wengine waliokuja kujaribu walipoona muda wa hao wawili walifunga mizigo yao wakarudi mjini mapema. Mwenyekiti akatangaza kwamba siku ya mwisho wawili hao watatoka pamoja, watakwenda raundi ishirini, sawasawa na mashindano yenyewe. Atakayetangulia kumaliza ndiye mtu wetu.

Nikamwambia mwanangu, "Basi mambo yamekwisha. Unafunga laini jipya, lile la kwenye mfuko."

Lile la kwenye mfuko nilikuwa nimelitafuta kwa simu mpaka Mwanza. Lilikuja na basi, nikalipokea mwenyewe stendi, nikalibeba begani kama nimebeba mtoto.

"Mama," akasema, "hili ni tamu raundi nne. Ya tano linaanza kulegea. Nalisikia."

"Raundi hizo nne ukishamwacha, atakukuta wapi?"

"Atanikuta kwenye moramu, jua likishawaka. Nipe lile gumu."

"Nani muuza matairi hapa? Mimi au wewe?"

"Ni wewe, mama. Ila anayekaa juu ni mimi."

Khaa! Nilimtolea macho. Nikamwambia mwenzako anafunga laini, wewe ukienda na gumu atakupotea kabla hujafika kichuguu, halafu mimi nikamwambie nini baba yako? Nikasema piga ua garagaza, kesho unafunga laini. Hakubishana tena. Akasema, "Sawa, mama," kwa sauti ile ile aliyomjibia baba yake. Nami nikaridhika, nikajiona nimemwokoa.

Hapo ndipo anapoingia mtani wangu.

Fundi wetu pale dukani ni Mgogo, na sisi Wanyamwezi na Wagogo ni watani. Wazee wanasema utani huu umetoka kwenye misafara hiyo hiyo. Babu zetu walipita Ugogo na mizigo kichwani, wenyeji wakawabana kwenye maji na njia, wakagombana, wakachoka kugombana, ugomvi ukawa utani. Mimi simwiti fundi, namwita Mgogo. Yeye haniiti mama, ananiita mpagazi. Akila kwangu ananitukania mboga. Msiba ukitokea kwetu yeye ndiye wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka, na atamcheka marehemu mpaka wafiwa wenyewe wacheke na machozi yao. Na mtani ana ruhusa moja kubwa: anaweza kuchukua kitu chako akakificha mpaka ukigomboe. Ukikasirika, umejiaibisha wewe, si yeye.

Asubuhi ya siku ya mwisho tulifika shambani jua likiwa bado la kuchungulia. Mwanangu alikuwa ameshatangulia, amelitoa gurudumu la nyuma, anasubiri. Nikaingia kwenye kirikuu, kile kigari chetu cha mizigo, kuchukua tairi langu. Hakuna. Nikapekua chini ya turubai. Hakuna. Nikageuka, nikamwona Mgogo ameegemea mti, anachokonoa meno, macho yake yako mbinguni.

"Mgogo, tairi liko wapi?"

"Tairi gani, mpagazi? Nyie si mlizoea kwenda kwa miguu?"

"Usinitanie leo. Liko wapi?"

"Nasikia lina njaa. Linataka jogoo."

Watu wakacheka. Nikamwambia jogoo utampata, mwekundu, mkubwa kuliko akili yako, lete tairi mtoto aanze kazi. Akajipangusa mikono kwa madaha, akaanza kutembea kuelekea mabani. Alikuwa amelificha tangu jana yake tulipokuwa tunafungasha, ndani ya bani la mwisho, nyuma ya bomba la moto. Bani lile lilikuwa tupu wiki nzima, na kila mtu alidhani uvunaji umekwisha.

Akafika katikati ya njia, akasimama. Kwenye bomba la juu la lile bani kulikuwa na moshi.

"Nani kawasha bani?" akauliza. Sauti yake haikuwa ya utani tena.

Mume wangu ndiye aliyewasha. Alikuwa amebakiwa na majani machache ya mwisho, yale ya juu kabisa ya mche. Sisi tulipoondoka jioni akayatundika, akaweka kuni, akachochea. Hakujua kuna tairi humo. Mgogo hakujua kuna moto. Na mimi nilikuwa nyumbani Cheyo, nimelala fofofo.

Mlango wa bani ukafunguliwa, mume wangu akatoka akiwa ameshika ufito mmoja wa majani, ameyapeleka puani. Nyuma yake alitoka mwanaume mmoja nisiyemjua, amevaa koti jipya. "Mama watoto," mume wangu akasema, "hebu nusa. Tumbaku yangu inanuka mpira. Inakuwaje tumbaku inuke mpira?"

Mgogo alipita kati yao bila kusalimia, akaingia, akatoka akilivuta lile tairi kwa jembe. Lilikuwa la moto, hata kulishika hatukuweza. Tukalimwagia maji. Lilipopoa nililibonyeza kwa ukucha. Ukucha ukateleza. Nikabonyeza kwa nguvu, ukucha ukavunjika. Mpira haukuungua, sura yake ilikuwa nzima kabisa, lakini utamu wake wote ulikuwa umekauka usiku ule pamoja na majani. Nilipolikunja kidogo likaonyesha nyufa nyembamba kwenye mashina ya meno.

Niseme ukweli, nilitaka kuua mtu. Damu ilinipanda mpaka masikio yakawa yanapiga kelele. Na sikuweza kusema neno, kwa sababu ni mtani! Ningemfokea, hadithi ingekuwa kwamba mama wa Cheyo amekasirikia utani, na ingefika Nzega kabla ya saa sita. Nikakaa chini kwenye vumbi, nikalia. Mgogo naye akakaa pembeni yangu, ameshika kichwa, hana hata tusi moja la kunipa, na hicho ndicho kilichonitisha zaidi.

Nikamuuliza mume wangu, "Na huyu mwenye koti ni nani?"

"Ni mnunuzi," akasema. "Amekuja kuitazama pikipiki."

Loo! Mtoto hajaanza hata kukimbia, na mnunuzi kashafika na koti lake. Nilimwangalia mume wangu. Akaangalia pembeni, akarudi kwenye majani yake.

Mwanangu alikuwa amesikia yote. Hakulia, hakumwangalia baba yake, hakumwangalia yule mwenye koti. Alikwenda kwenye kirikuu akatoa lile tairi gumu, akalivingirisha mpaka kwenye pikipiki, akapiga magoti.

"Mama, usikae vumbini," akasema. "Nishikie spana."

"Utaweza nalo?"

"Ndilo nililokuomba jana."

Nikamshikia spana. Mgogo akaja akasaidia, akapima upepo, akautoa kidogo, akapima tena. Mwanangu akamwambia, "Toa kidogo tena, mjomba." Akatoa. Mwanangu akavaa kofia yake ngumu, akafunga kitambaa cha vumbi, akapeleka pikipiki kwenye mstari. Kijana wa Chemchem akampa mkono. Alikuwa amefunga laini jipya, bado lina vinyweleo vya kiwandani.

Mwenyekiti akashusha kitambaa, wakaondoka.

Raundi ya kwanza ilikuwa mateso. Tairi lilikuwa la baridi, na kwenye kichanga niliiona pikipiki ya mwanangu ikitikisa mkia, yeye akiwa ameisimamia kwa miguu. Kijana alipopita mbele ya mabani mwanangu alikuwa bado hajatokea kwenye kichuguu. Vijana wa kijiwe cha Chemchem wakaanza nyimbo. Mmoja akaniuliza kama mwanangu amesimama njiani kupakia abiria. Nikamjibu kwamba ndiyo, amempakia bibi yako, na anamwendesha taratibu kwa sababu ya umri. Wakacheka, nami nikacheka.

Raundi ya pili pengo likakua. Ya tatu likakua tena. Yule kijana alikuwa anaruka, nawaambia. Kila akipita mwenyekiti anatikisa kichwa kwa furaha. Mnunuzi alikuwa ameegemea uzio, anamweleza mume wangu kitu huku akikata hewa kwa mkono. Mimi nilibaki na saa yangu, na macho yangu yakawa hayatoki kwenye saa, maana barabarani kulikuwa kunaniumiza.

Na ni kwenye saa ndipo nilipoanza kuona jambo. Raundi ya nne ya mwanangu ilikuwa nzuri kuliko ya tatu. Ya tano ikawa kama ya nne. Ya sita, vile vile. Ya saba, jamani, vile vile, hata nikaipiga simu kofi nikidhani imekwama. Tairi lilikuwa limepata joto, na mtoto alikuwa amelikuta pale lilipokuwa linamsubiri. Kila raundi alipita mbele yangu kiwiko pale pale, goti pale pale, vumbi likipanda mahali pale pale. Nimeuza matairi zaidi ya nusu ya maisha yangu na sijawahi kuona mtu akilitumia tairi namna ile. Nikasema moyoni, huyu mtoto nimemzaa mimi kweli?

Jua likapanda. Ile moramu ya misafara ikishika joto inakuwa kama msasa, na mpira laini juu yake hauna maisha. Yule kijana akaanza kufungua kona kwa upana. Kwenye kichuguu nyuma ikamtoka kidogo, akairudisha. Raundi iliyofuata ikamtoka zaidi. Mgogo, aliyekuwa amekwenda kusimama kwenye moramu, akarudi mbio ameshika vipande vya mpira mweusi kiganjani, meno ya tairi, yamenyofoka mazima mazima.

"Mpagazi!" akapiga kelele. "Tazama! Mwenzetu anaacha tairi barabarani!"

Hapo tena sikukaa. Nilikuwa nimesimama kwenye kamba, simu mkononi, khanga imenidondoka kichwani, napiga kelele ambazo sizijui. Nyimbo za Chemchem zilikatika. Kila raundi vumbi la mwanangu lilikuwa karibu zaidi na vumbi la mbele. Kijana hakukata tamaa, nampa heshima yake, aliipigania ile pikipiki kama anamvuta ng'ombe mkaidi, lakini alikuwa hana tena cha kukanyagia.

Nikageuka kumtafuta mume wangu. Tangu mtoto aanze mambo ya pikipiki, baba yake hajawahi kusimama kumwangalia akikimbia. Siku zote za majaribio hujifungia mabanini, anageuza majani, anasema ana kazi. Nilijua sababu, ni woga, na sikumcheka. Safari hii nilimkuta ametoka kwenye uzio. Mnunuzi alikuwa anaongea peke yake. Mume wangu alikuwa ametembea hatua kwa hatua mpaka kwenye kona ya kuingilia moramu, mahali ambapo pikipiki zinapita karibu kabisa, amesimama, ufito wa tumbaku bado uko mkononi, ameusahau.

Na mwanangu akampita mwenzake hapo hapo, mbele ya baba yake. Hakumkata, hakumsukuma. Kijana alifungua kona kwa upana kwa sababu tairi lilikataa kugeuka, mwanangu akapita ndani, tairi lake limeshika ardhi, akanyoosha, akaifungua pikipiki kwenye barabara ya babu zetu mpaka sauti yake ikabaki kama nyuki mmoja. Raundi tatu zilibaki. Nazo alizikimbia kama zile nyingine zote, hakuongeza mbwembwe, hakupunguza. Alipovuka mstari mwenyekiti aliangalia saa yake, akaangalia yangu, akakuta zinasema kitu kimoja.

Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakatika. Akina mama wa sokoni waliokuja na bajaji wakanipokea. Mtu asiniambie habari ya kiasi. Nilikuwa na fahari, nilijisikia mrefu kuliko mabani, na nilitaka Tabora nzima iwe pale imwone mwanangu akivua kofia, uso mwekundu kwa vumbi, macho mawili tu ndiyo yanang'aa. Kijana wa Chemchem alifika akiisukuma pikipiki yake mita za mwisho. Akaja kwangu kwanza, "Shikamoo, mama," nikamwitikia marahaba, halafu akamwambia mwanangu, "Dada, umenifundisha." Mwenyekiti akamvalisha jezi juu ya vumbi lake. Akamuuliza safari ya mashindano waagize matairi gani, na nilipofungua mdomo kujibu, akasema, "Mama, samahani, nimemuuliza dereva." Nikaufunga. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliufunga kwa raha.

Mgogo akanisogelea. "Bila mimi ungemfungia laini," akasema. "Kwa hiyo jogoo nataka wawili."

"Nenda zako huko!" nikamwambia, nikamkumbatia mbele ya watu.

Mume wangu akarudi kutoka kwenye kona. Alitembea taratibu, akapita watu wote, akafika kwa mwanawe. Akaifuta taa ya pikipiki kwa kiganja. Akagusa lile tairi la nyuma, akaacha mkono juu yake ingawa nilijua linaunguza. Mwanangu alikuwa anamtazama tu, hajui asalimie au asubiri. Yule mwenye koti akamfuata nyuma, ametoa simu mfukoni.

"Mzee, nimeipenda," akasema. "Naichukua leo leo kama tulivyokubaliana."

"Tulikubaliana kabla sijamwona akikimbia," mume wangu akasema.